Usiguse Fasi Hii

Nakivale, 4 Februari 2025

Kwako Yvette, binti wa kaka yangu,

Bwana asifiwe. Huku tuko wazima, isipokuwa baba yako Anatole, ambaye ana kikohozi na hataki kukiri. Anasema ni vumbi. Vumbi gani linamkohoza mtu kabla hajafungua mlango? Maharagwe yamechanua vizuri. Mbuzi wa Libérate, jirani yetu yule Mrundi, amezaa mapacha, na kila siku ananiita nikawaone kana kwamba jana sikuwaona.

Naandika barua kwa sababu simu imenichosha. Nikikueleza mambo marefu kwenye simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Tena kitu ninachokutumia hakipiti kwenye simu. Appolinaire wa teksi atakupa bahasha hii, na ndani yake kuna flash niliyoifunga kwenye kipande cha kitenge. Ukiipoteza usirudi nyumbani.

Sasa neno lenyewe. Kompyuta yangu inakufa. Ile nyeusi, niliyoivusha mpakani ikiwa ndani ya blanketi wakati wenzangu wanavusha sufuria, na wewe uko mgongoni kwa mama yako. Siku hizi nikiiwasha inakoroma kama mashine ya kusaga, kisha inazima. Wiki iliyopita iliwaka mara mbili tu.

Unajua kilichomo. Programu yangu SABUNI, niliyoiandika kule Uvira kwa Visual Basic, ile ya sita, nilipomaliza mafunzo kwa masista. Unaandika kilo za mafuta, unabonyeza kitufe cha kijani, inakuambia uweke soda kali ya sabuni kiasi gani na maji kiasi gani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakibonyeza bila ruhusa na kukimbia. Nilikichora kwa mkono wangu kile kitufe. Enzi hizo ulikuwa unachora dirisha, unaburuta kitufe unakiweka unapotaka, unakibonyeza mara mbili, unaandika unachotaka kitokee. Mtu wa kawaida aliweza. Mimi niliweza.

Chama chetu kina wanawake kumi na saba sasa. Wawili wametoka Kabazana, kule wanakopokelewa wakimbizi wapya, mwezi uliopita, hata viwanja bado hawajapewa. Hakuna hata mmoja anayeijua hesabu ya soda. Ikipungua, sabuni inabaki mafuta. Ikizidi, inachuna ngozi. Kompyuta ikifa kabla programu haijapata mwili mwingine, tutarudi kupima kwa jicho la mwenzetu Chantal, na jicho la Chantal unalijua.

Wewe ndiye unayesomea mambo haya. Uihamishe. Rangi za vitufe ziache, majina yaache, na mahali nilipoandika usiguse, usiguse.

Shangazi yako mwenye haraka,
Sidonie


Mbarara, 23 Februari 2025

Tantine Sidonie,

Nakusalimu sana, pamoja na Baba na hicho kikohozi cha vumbi. Mwambie asipokwenda kituo cha afya nitakuja kumpeleka mwenyewe. Mimi ni mzima. Asubuhi niko chuoni, mchana niko dukani kwa Natanaeli tukifungua kompyuta za watu na kupuliza vumbi, vumbi la kweli, si la Baba.

Flash imefika. Nilimwonyesha Natanaeli picha ya kompyuta yako. Alicheka, akasema, "Nyabo, hii ilisha kufa zamani. Wewe nunua ingine." Nikamwambia hiyo ingine haitakuwa na kitufe cha kijani. Hakunielewa.

Sasa nikujulishe mambo ya urithi, maana huu ni urithi. Ile Visual Basic yako ni marehemu wa miaka mingi, na ameacha warithi ambao kila mmoja anadai shati la baba linamkaa yeye. Yule wa nyumba ileile amechukua jina la baba, lakini tabia ni nyingine kabisa: ukimpa faili zako anataka uziandike upya karibu zote. Kuna Gambas, anafanana na baba sura mpaka mwendo, ila anaishi kwenye Linux tu na hataki kuhama. Kuna Lazarus, anachora dirisha na vitufe vilevile, ila anaongea Pascal, kwa hiyo ni mpwa, si mtoto. Kuna Xojo, mtanashati, anakutengenezea programu ya kompyuta yoyote, ila ukitaka kutoka nayo imekamilika ni lazima ulipie.

Wa mwisho anaitwa twinBASIC. Mdogo, bado anakua, lakini anaelewa lugha ya baba yake karibu neno kwa neno. Nilimpa faili zako. Tantine, dirisha lako lilifunguka mbele yangu, kitufe cha kijani mahali pake, na maandishi yako, "Bonyeza hapa mama." Nililia kidogo. Natanaeli akadhani nimepigwa na umeme.

Basi ni huyo. Nimekutafutia na kompyuta ndogo iliyotumika, Natanaeli ameniachia. Mistari yako mingine ilikuwa ya kizamani, nimeipiga pasi kidogo. Nimejaribu kila kitu na inafanya kazi vizuri. Kuanzia sasa programu inaweka pia orodha ya kila mchanganyiko na tarehe yake.

Binti yako,
Yvette


Nakivale, 30 Machi 2025

Yvette mama,

Amani ya Bwana iwe nawe. Baba yako amekubali kwenda kituo cha afya baada ya kumwambia unakuja. Amepewa dawa, anazinywa akinuna. Mapacha wa mbuzi wamekula kamba ya nguo zangu.

Kompyuta imefika salama, Appolinaire aliipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Ni nyepesi, haikoromi. Lakini nani alihamisha herufi? Kwenye ile yangu ya Kifaransa A ilikuwa inakaa kwake, hapa nikiitafuta nampata Q. Siku ya kwanza niliandika "mqzese" badala ya mawese, na Chantal akaniuliza kama ni jina la dawa.

Tumepika mara tatu: kilo ishirini za mawese, kisha thelathini, kisha arobaini. Hesabu zimetoka sawasawa. Kipande cha kwanza nimeoga mimi kila mara, unajua desturi yangu: siku ya kukata sabuni, hakuna mkono wa mtu mwingine unaotangulia wangu. Imetoka laini. Wale wawili wa Kabazana tayari wanabonyeza wenyewe, na mimi nimesimama nyuma nimekunja mikono kama mkaguzi. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kuna mfugaji wa kijiji cha Masha atatupa mafuta ya ng'ombe, kilo mbili na nusu za kujaribia. Mawese peke yake sabuni inaisha haraka kwenye maji. Tutachanganya na kilo ishirini za mawese mwezi wa tano. Haya mafuta hakuna kati yetu aliyewahi kuyapika, hata mimi, kwa hiyo tunaitegemea mashine.

Swali moja. Uligusa mahali popote nilipokukataza?

Sidonie


Mbarara, 12 Aprili 2025

Tantine,

Pasaka njema mapema. Mitihani inanikaba koo, ndiyo maana barua hii ni fupi. Nimefurahi sana kwa habari za Baba na kwa habari za sabuni. Nimemsimulia mwalimu wetu kwamba programu ya mwaka wa 2005 bado inapika sabuni mwaka wa 2025, hakuamini. Ameomba kuiona.

Herufi zilihamishwa na Waingereza, mimi sihusiki.

Hayo mafuta ya ng'ombe yajaribu bila wasiwasi, hesabu zake nimeziweka. Ukishapika, niwekee ile orodha ya michanganyiko kwenye flash umpe Appolinaire, nikamwonyeshe mwalimu.

Nakukumbatia,
Yvette


Nakivale, 25 Mei 2025

Kwa Yvette,

Salamu. Tunaendelea vizuri. Baba yako anaendelea vizuri. Mbuzi wanaendelea vizuri. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Flash uliyoomba hii hapa. Kompyuta ni nzuri. Usome kwa bidii, usije sasa hivi, nauli ni ghali na barabara ina matope.

Shangazi yako Sidonie

Mimi ninayeandika ni Libérate. Ameniambia maneno ya kuandika na ameniambia nisiongeze kitu. Sijaongeza kitu.


Mbarara, 29 Mei 2025

Tantine yangu,

Nakusalimu, na leo sitauliza habari za mbuzi.

Nimesoma barua yako mara nne. Tangu nizaliwe hujawahi kumpa mtu mwingine kalamu yako. Halafu nikafungua flash. Tarehe 7 Mei: mawese kilo 20, mafuta ya ng'ombe kilo 25. Baada ya hapo hakuna kitu. Siku kumi na nane wanawake kumi na saba hawajapika hata sufuria moja. Na wewe uliniandikia kwamba yule mfugaji wa Masha anatoa kilo mbili na nusu, siyo ishirini na tano.

Umeungua mikono, Tantine. Usinifiche. Na aliyekuunguza ni mimi.

Uliniuliza kama niligusa mahali ulipokataza, nikakujibu habari za mitihani. Niligusa. Kulikuwa na mstari wako mmoja unaobadilisha kila mkato kuwa nukta kabla ya kupiga hesabu, na juu yake umeandika, "Usiguse fasi hii." Nikauona nikacheka. Nikasema moyoni, Tantine na mambo yake ya zamani, siku hizi mashine inajua namba yenyewe. Nikaufuta. Nikajaribu 20, nikajaribu 30, nikajaribu 2.5 kwa nukta, kama nilivyofundishwa shule hapo Nakivale kwa Kiingereza. Yote yalitoka sawa. Nikakuandikia kwamba nimejaribu kila kitu.

Sikujaribu mkono wako. Wewe ulisoma kwa Kifaransa, unaandika 2,5. Kwenu mkato ndio unaotenga kilo nzima na vipande vyake. Kwetu sisi wa Kiingereza mkato ni wa kutenga maelfu, pambo tu. Hii kompyuta niliyokuletea ni ya Kiingereza. Ikiona 2,5 inatupa pambo, inabaki 25. Ikapiga hesabu ya kilo arobaini na tano badala ya ishirini na mbili na nusu. Soda ikatoka mara mbili, na wewe ukaoga kipande cha kwanza.

Nilijiona msomi. Naona aibu mpaka sijui nikae wapi. Niambie ukweli wa mikono yako. Na kama hutaki tena programu hiyo ikaribie sabuni yako, sema, nitakuja kuifuta mwenyewe.

Yvette


Nakivale, 8 Juni 2025

Yvette mama,

Usicheke mwandiko. Ni wangu, wa mkono wa kuume, wiki ya kwanza bila bendeji.

Ni kweli. Tulipokata ile sabuni nililowesha kipande nikakisugua kama kawaida, nikahisi moto. Nilidhani ni wa kupita tu, nikaendelea kusugua, hilo ni kosa la ukaidi. Chantal ndiye aliyepiga kelele, "Mikono yake inaungua! Mulete maji, maji mingi!" Wakanimwagia mtungi mzima wa Libérate. Ngozi imetoka, mpya imeota, ni ya waridi kama ya mtoto. Daktari amesema vidole vyote vitafanya kazi. Baba yako alitaka kukuandikia, nikamkataza. Libérate nilimkataza pia, na umeona alivyonitii.

Sabuni yote tumeizika. Chantal akasimama mbele ya wote akasema, "Jicho yangu haikuunguzaka mutu. Hii mashini irudi mu sanduku." Karibu wote wakapiga makofi. Nimewaomba hadi mwisho wa mwezi huu. Programu ikiwa bado haijatengemaa, mashine inafungiwa, na kila kitu nilichokivusha ndani ya lile blanketi kinaishia hapo. Sasa unajua kwa nini nilinyamaza. Nilitaka kuitengeneza mwenyewe kwanza, ili aibu isitupate sote wawili, wewe na mimi. Lakini huwezi kuandika mistari ukiwa na mikono iliyofungwa kama maandazi.

Sasa sikiliza, maana nawe si wa kubeba mzigo huu peke yako. Huo mstari niliuandika hapa hapa Nakivale. Fundi mmoja aliitengeneza kompyuta yangu akaiacha kwa Kiingereza, ila herufi za Kifaransa hakuzigusa. Siku iliyofuata nusu kilo ikawa kilo tano. Niliona kabla sijamwaga soda, nikaandika ule mstari na juu yake "Usiguse fasi hii." Sikuandika kwa nini. Kwangu ilitosha, mimi nilikuwa najua. Nilidhani anayekuja baada yangu atanitii tu kwa kuwa ni mimi. Mtoto wa shule akikuta usiguse bila sababu, atagusa tu. Nilikukataza wewe vilevile, nikamkataza Libérate vilevile. Ni tabia yangu, na imenigharimu ngozi.

Kwa hiyo hufuti kitu. Mtu aliyeungua kwa chai haachi kupika chai. Urudishe mstari wangu, na mara hii uandike sababu. Halafu ufikirie kitu kimoja zaidi: mtu akikosea namba kwa sababu nyingine yoyote, mashine inamezaje tu bila kuuliza? Mimi ningeuliza. Nataka iulize.

Una wiki tatu tu.

Shangazi yako, kwa mkono wake mwenyewe,
Sidonie


Mbarara, 17 Juni 2025

Tantine,

Nashukuru Mungu kwa vidole vyako kumi. Nimeisoma barua yako mbele ya Natanaeli, naye aliyesema kompyuta yako ni mzee wa kutupwa akaniambia, "Huyo tantine yako aje anifundishe mimi."

Flash hii hapa. Mara hii nimejaribu kwa mkato, kwa nukta, kwa herufi, kwa kisanduku kitupu, na kwa vidole vya Natanaeli ambaye hajui kitu kuhusu sabuni. Mstari wako umerudi. Juu yake nimeandika hivi, nakunakilia ili uone kama inatosha:

"Usiguse fasi hii. Wengine wanaandika 2,5 na wengine 2.5, na wote wana haki. Mstari huu ukifutwa, kompyuta ya Kiingereza itasoma 25, na soda itazidi. Ulifutwa mara moja, Februari 2025, na Yvette. Sidonie aliungua mikono yote miwili."

Mafuta ya ng'ombe yakizidi robo ya mawese, mashine haitoi jibu. Inauliza kwanza. Inauliza nini, utaona mwenyewe. Ukiona swali halifai, libonyeze mara mbili ulibadilishe, kama zamani. Kila kitu kiko wazi kwako.

Yvette


Nakivale, 1 Julai 2025

Yvette, binti wa kaka yangu,

Bwana asifiwe sana. Baba yako hakohoi. Mmoja wa mbuzi mapacha ameuzwa, Libérate amelia, mimi nimelala vizuri.

Jumamosi nilikusanya wote kumi na saba. Nikamkalisha Chantal mbele ya kompyuta, yeye na si mwingine. Nikamwambia aandike ishirini ya mawese, na mbili na nusu ya ng'ombe, kwa mkato. Soda kilo tatu na kitu kidogo. Nikamwambia aandike tena kwa nukta. Jibu lilelile. Akanitazama, akasema, "Sasa minaandika ile iliyokuunguza." Akaandika 25. Hakuna aliyemtuma.

Kitufe cha kijani kikageuka chekundu, na sanduku dogo likatokea katikati na maneno yako: "Ng'ombe 25? Kipande cha kwanza kitaosha mkono wa nani?"

Wote wakasogea kusoma. Halafu Chantal akaweka mikono yake nyuma ya mgongo kama mtoto, akasema, "Ya kwangu apana! Ngoja nirudilie." Tulicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Nimelibonyeza hilo swali mara mbili nione kama nitabadilisha neno. Sijabadilisha.

Basi tukapika, kwa mbili na nusu. Jana tukakata. Nilikuwa nimekunja mikono ya gauni niende kuoga kipande cha kwanza, nikakuta hakipo. Chantal alikuwa amekwisha kukichukua, yuko kwenye beseni anakisugua, macho ameyafumba. Hakuniomba ruhusa. Nilisimama kando yake na mtungi wa maji mkononi, tayari, nahesabu moyoni.

Akafumbua macho, akanusa viganja vyake, akaninyooshea nione. Mikono ni mizima, Yvette. Inanukia ng'ombe kidogo.

Sidonie